Ziwa Nyasa Darini Kwangu

Kama hujaoa, soma kwa kujiburudisha tu. Kama umeoa, vuta kigoda usogee, maana najua na wewe unalo lako hata kama mbele za watu hulitaji.

Mimi ni Mhehe wa Kalenga, mke wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na tumejenga Kihesa, hapa Iringa, mahali ambapo upepo unapita uani kama vile na wenyewe una hati ya kiwanja. Akiwa hanisikii, namwita Mama Mradi. Nyumba za wenzangu huingia mafua. Kwangu huingia mradi, kila baada ya miezi mitatu. Tumefuga kware mwaka ule kila mtu alipofuga kware. Tumeotesha uyoga chini ya kitanda cha wageni, na mgeni akiwa juu yake. Tumetengeneza sabuni ya maji iliyokataa katakata kutoa povu, ila ilitoa rangi ya kucha za dada wa kazi. Na kila mradi, nimeshafanya utafiti wangu wa kimyakimya, chimbuko lake ni Mbeya. Mtu anaondoka hapa na akili zake zote, anakwenda sendofu ya mdogo wake Uyole, siku ya nne anarudi na gunia.

Safari hii gunia lilikuwa la nta.

Nilikwenda kumpokea stendi ya Igumbilo saa mbili usiku, mwezi wa Juni. Anayeijua Iringa ya Juni hahitaji maelezo: ni baridi ya kuongea na mikono ikiwa kwapani. Mke wangu alishuka amejifunga vitenge viwili, akanikabidhi mkungu wa ndizi, kisha akarudi kusimama kwenye buti la basi kama mtu anayesubiri majibu ya leba. Likatoka gunia. Likatoka boksi. Nyuma ya boksi akatoka shemeji yangu.

"Hii nini, mama watoto?" nikauliza, nikimaanisha gunia.

"Biashara."

Neno hilo huniogopesha kuliko "mwalimu wa mtoto anakuita shuleni".

Kumbe huko Mbeya kikoba cha dada yake, pale Soweto, kilikuwa kwenye semina ya ujasiriamali ya siku mbili. Siku ya kwanza batiki, siku ya pili mishumaa. Mke wangu alifika siku ya pili, saa nane mchana, wenzake wakiwa wanatafuna wali, akanakili alichokikuta ubaoni: yeyusha nta, tia rangi, tia harufu, mimina, uza. Kulikuwa na mambo mengine juu yake, kuhusu utambi, lakini sehemu hiyo ya ubao ilikuwa imeshafutwa.

Nataka uelewe kwamba nilijitetea. Wahehe wa Mkwawa waliwapiga Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, na Mkwawa mwenyewe hakukubali kutiwa mkononi mpaka anafariki mwaka 1898. Miaka 7! Mimi, uzao wa watu hao, nililipinga gunia lile kuanzia Igumbilo hadi Kihesa, dakika kama 20 hivi, kisha nikalibeba mwenyewe begani kuliingiza ndani.

Sasa nikutambulishe kwa watu wa nyumba, maana bila kuwajua utadhani nasingizia.

Shemeji yangu ni Fundi Nusu. Si kwamba kazi haijui. Anaijua sana, mpaka katikati. Mlango wa choo alituwekea yeye: kufunga unafungika vizuri, kufunguka ni majaliwa. Swichi ya chumbani kwetu aliifunga yeye, na inafanya kazi, ila inawasha taa ya barazani. Binti yetu mkubwa, yuko kidato cha kwanza, tunamwita Necta, kwa sababu hakuna kiumbe aliyevuka kizingiti chetu asitahiniwe na kupewa alama. Mdogo wake ana miaka mitano, jina lake la ubatizo ni zuri sana, lakini tangu alipojifunza kutembea anaitwa Kiberiti, na sitaeleza zaidi.

Kazi ya kununua tambi alipewa Fundi Nusu. Alikwenda soko la Mwanjelwa, akauliza bei ya uzi wa mishumaa, akaona ni uzi mdogo kwa pesa nyingi, akageukia kwa jirani yake muuza vipuri vya majiko, akachukua mafungu ya tambi za jiko la mafuta ya taa. Ndizo zilizojaa boksi. Nyeupe, imara, nene kama kidole changu cha mwisho.

"Utambi ni utambi, shem," aliniambia huku akiufikicha mmoja kwa fahari. "Zote zinawaka."

Hilo siwezi kulikana. Ziliwaka.

Jumamosi jikoni kwangu palikuwa kiwanda. Nta ilitiwa kwenye sufuria ndogo, sufuria ndogo ikakalishwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, juu ya jiko la mkaa, maana hilo lilikuwepo ubaoni: nta haipigwi moto moja kwa moja, ikizidi joto inashika moto kama mafuta ya kukaangia, na hapo usithubutu kuimwagia maji. Kufikia hapo nilikuwa nimeridhika. Ilipofika "tia rangi", Mama Mradi alizichukua rangi za nta za kuchorea za Kiberiti, zote, akazitumbukiza. Mtoto alilia kama amefiwa. Ilipofika "tia harufu", nilisikia kabati la chumbani likifunguliwa, nikajua, lakini miguu ikakataa kwenda. Pafyumu yangu. Nilikuwa nayo moja tu, nimeitunza kwa ajili ya kipaimara cha Necta mwezi wa Julai. Ilimiminwa hadi tone la mwisho. Na kwa heshima ya Mbeya ikaongezwa nta ya nyuki kutoka Chunya, donge la kahawia alilolipata Fundi Nusu kwa rafiki yake, ambalo ndani yake mabawa ya nyuki na mguu mmojammoja vilikuwa vinaonekana kwa macho.

Vyombo ndivyo vilivyonimaliza. Siku ya harusi yetu shangazi yangu wa Kilolo alitupa gilasi 24, ndefu, nyembamba, zenye mstari wa dhahabu mdomoni. Kila akija hapa huzihesabu. Mama Mradi alizipanga mezani, akamimina. Mbili zikapasuka papo hapo, maana gilasi iliyolala kwenye baridi ya Juni ikipigwa na nta ya moto ina haki ya kushtuka. Ingepashwa kwanza kwenye maji ya vuguvugu isingeleta neno. Zikabaki 22. Tukaongeza makopo 18 ya nyanya. Mishumaa 40, ndugu yangu, kila mmoja na utambi wa jiko umesimama katikati kama askari wa lindo.

Usiku ule tukawasha sita, sebuleni, kwa majaribio.

Mwanzoni ilikuwa sherehe. Ule ulikuwa mwanga. Ulimi wa moto mrefu kama kiganja, unachezacheza, unapiga tiki-tiki kama mahindi yanayotaka kuwa bisi, kwa sababu nta ya Chunya ilikuwa bado na asali na majimaji ndani yake. Fundi Nusu alianza kupiga hesabu ya faida. Mimi niliona uzi mweusi ukipanda kutoka kwenye ncha ya kila moto, mwembamba, unanyooka, halafu unajikunja ukikaribia dari. Nikasema, "Mama watoto, mbona kama inatoa moshi?" Nikajibiwa kwamba mimi ni mtu wa kukatisha tamaa, na kwamba hata mama yangu aliliona hilo. Nikanyamaza. Tukakaa saa moja na nusu tukiitazama biashara yetu.

Asubuhi kila mtu alipenga kamasi nyeusi. Kiberiti alikuwa na masharubu. Gilasi, ambazo jana zilikuwa na mstari wa dhahabu, zilikuwa na koti jeusi kuanzia mdomoni kushuka chini, na juu ya kila utambi palikuwa pameota kidonge cheusi chenye kofia, uyoga mtupu, kama ule unaouzwa kando ya barabara ya Mafinga masika yakikolea.

Kisha nikatazama juu.

Dari ile niliipaka rangi mimi mwenyewe, majuma mawili kabla, kwa ajili ya kipaimara. Nyeupe. Shingo ilinikaa upande siku tatu. Sasa juu ya meza palikuwa na duara la masizi, ukubwa wa ungo. Ningeliacha vile lilivyo, leo nisingekuwa na cha kukusimulia. Lakini mwanamume akiona aibu huchukua kitambaa. Nilipanda juu ya meza na tambara bichi, nikasugua. Duara likawa yai. Nikasugua tena kwa nguvu zaidi. Yai likarefuka, likashuka kuelekea dirishani, likapinda kidogo katikati, na niliposhuka kupumzisha mkono, Necta alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Baba," akasema, "umechora Ziwa Nyasa."

Kweli lilikuwa Ziwa Nyasa. Kyela kule juu, na huku chini linaishilia Malawi. Mama mkwe wangu alikuwa anakuja baada ya siku nane. Nilifanya ambalo mume yeyote mwenye busara angelifanya: nilifungua globu ya sebuleni, nikaificha kwenye mfuko wa koti, nikatangaza kwamba holda imeungua na fundi atakuja. Sebule yetu hata mchana ni ya kiza, kwa ajili ya mparachichi ulio nje ya dirisha. Nani atatazama juu?

Juma lile kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mama Mradi alishikilia kwamba nta imechakachuliwa njiani, pengine Makambako, hakusema na nani. Fundi Nusu alileta sayansi. Iringa, alisema, iko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyembamba, moto haushibi. Mishumaa hii tukiishusha Dar es Salaam itawaka kama malaika. Nilianza kushawishika. Ni hoja nzuri sana ukiwa na mishumaa 40.

"Mjomba, Mbeya iko juu kuliko Iringa," alisema Necta bila kuinua kichwa kwenye daftari. "Mbona huko ilifundishwa?" Halafu akaenda dukani, akanunua mshumaa wa kawaida, mweupe, wa bei ya chini kabisa, akauwasha kando ya wetu, meza ileile, hewa ileile. Ule wa dukani ukawaka kimya, bila uzi mweusi, kama mtoto wa watu anayejua amekuja ugenini. Wetu ukaendelea kufuka. Hewa ya Iringa ikaachiwa huru kwa kukosekana ushahidi.

Mwalimu wao wa kemia alikuwa amewasimulia habari za Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza, ambaye mwishoni mwa mwaka 1860 na kuingia 1861 alitoa mihadhara ya Krismasi kwa vijana pale London, mihadhara sita mizima, yote juu ya mshumaa. Sita! Nilidhani mke wangu peke yake ndiye anayeweza kuongea juu ya mshumaa kwa muda huo. Necta akatufundisha kwa kalamu ya risasi. Kinachowaka si uzi. Nta inayeyuka, inanyonywa na utambi kwenda juu, inageuka mvuke, na mvuke ndio unaoshika moto. Ndani ya moto ule mvuke huachia chembechembe za kaboni, ndogo mno, zikipata joto zinang'aa, na mng'ao huo ndio ule unjano tunaouita mwanga. Zikifika ukingoni mwa moto zinakutana na hewa, zinaungua, zinakwisha. Ila nta ikiletwa nyingi kuliko hewa inavyoweza kuimaliza, chembe zinatoka hazijaungua, zinakwenda kutafuta pa kukaa.

"Dari," nikasema.

"Dari," akasema. "Na puani mwa Kiberiti."

Kwa maneno mengine, masizi yangu yalikuwa mwanga uliokosa hewa. Utambi wa Fundi Nusu ulitengenezwa kunyanyua mafuta ya kuivisha maharage ya familia nzima, nasi tumeusimika kwenye gilasi ya juisi. Fundi Nusu alisikiliza yote, akatikisa kichwa, akasema ndicho hasa alichokuwa anamaanisha.

Kabla hatujafanya lolote, Spika akawasili.

Spika ni mama mkwe. Tunamwita hivyo kwa kuwa katika kikao chochote cha ukoo hakuna anayesema kabla hajamwona yeye, na akisimama, wote mnakaa. Nimesikia kwamba kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana hakuruhusiwa kukutana uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona njiani anachepuka, anajificha migombani. Desturi nzuri mno. Kasoro yake moja: haikutukumbuka sisi tuliooa, na Iringa haina migomba ya kutosha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ugonile?"

Nikajibu kwa Kinyakyusa changu, akacheka mpaka akakaa. Akapokewa mikungu mitatu ya ndizi na kiroba cha mchele. Akauliza mbona sebuleni giza. Nikaeleza habari ya holda. Akanitazama kidogo, akasema, "Haya." Mama Mradi akaleta mshumaa mezani kwa unyenyekevu ambao mimi sijawahi kuonyeshwa, akauwasha. Spika hakusema neno. Aliutazama ukirefuka, ukifuka, ukiota uyoga wake. Kisha akamwita binti yake kwa jina la utotoni.

"Chemli yetu pale Tukuyu ilikuwa ikitoa moshi, ikichafua kioo, nilikuwa nakutuma ufanye nini?"

Mama Mradi akawa mtoto wa darasa la pili. "Nishushe utambi, mama."

"Na ncha ikiungua?"

"Niikate."

"Basi?"

Kimya, ndugu yangu. Nyumba yenye mwanafunzi wa kemia, fundi, mjasiriamali na mimi. Spika akauzima mshumaa, akasubiri upoe, akaomba mkasi. Akafungua kiroba chake, akatoa punje moja ya mchele wa Kyela, akaisimamisha kando ya utambi, akaukata sawa na kimo chake. Nusu sentimita na ushee. "Kila ukitaka kuwasha," alisema, "kwanza pima, halafu kata."

Tukawasha upya. Moto ukashuka, ukatulia. Moshi ukapungua zaidi ya nusu, lakini haukuisha, kwa kuwa unene wa utambi haukatiki kwa mkasi. Hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo katika semina haimo, nayo iliniangukia mimi: kuzichemshia maji gilasi 22 na makopo 18, moja baada ya jingine, mpaka nta ilegee, niuvute ule utambi wa jiko utoke, niimwage nta, nikwangue masizi. Usiku, tena kwa baridi. Nta ikachujwa kwa kipande cha chandarua kikuukuu, kikakusanya nyuki wengine wa kutosha kuanzisha mzinga. Pafyumu haikuchujika. Imo humo mpaka leo, imegoma kuungana na nta, inarukaruka kama inataka kunirudia.

Tambi mpya wakasuka wao, Mama Mradi na Necta, kwa uzi wa pamba, wameketi sakafuni wakasuka kama wanasukana nywele. Nyuzi tatu: utambi ukawa mwembamba mno, moto ukawa kama wa njiti, ukachimba kishimo chake katikati ya nta na kuzama humo. Nyuzi tisa: moshi ukarudi. Nyuzi sita zikawa sawa kwa gilasi zetu. Na tukaona jambo ambalo Necta alilifurahia kupita yote: utambi uliosukwa, ukiungua, ncha yake inainama yenyewe, inatoka nje kidogo ya moto, inakwisha kuwa majivu. Hauoti uyoga. Alitueleza kwamba Ulaya walikaa karne na karne wakikatakata tambi zao kila mara, mpaka miaka ya 1820 Mfaransa mmoja, Cambacérès, alipoleta utambi wa kusuka.

Spika akautazama ulivyoinama. "Huo una adabu," akasema. Akamgeukia Fundi Nusu, akamtazama yeye kwa muda mrefu zaidi.

Ungedhani tumemaliza. Gilasi moja iliyokaa karibu na dirisha ikaendelea kuwa nyeusi, tena ubavu mmoja tu. Necta akaigeuza, baada ya saa moja ubavu mwingine ukawa mweusi. Upepo! Dirisha lina kioo kimoja kilichovunjika ambacho Fundi Nusu aliahidi kukibadilisha kabla Kiberiti hajazaliwa. Moto ukiyumbayumba hauunguzi vizuri, nao hulamba gilasi upande mmoja. Tukaziba kwa kipande cha boksi, ukaacha. Na zile gilasi ndefu, nta ikishuka kufika katikati, moto unakuwa umekaa kisimani, hewa mpya inashindana mlangoni na joto linalotoka, moshi unaanza upya hata kama utambi una adabu za Tukuyu. Makopo ya nyanya, mafupi na mapana ya mdomo, hayakutusumbua hata kidogo. Mama Mradi akaamua gilasi zijazwe karibu na mdomo, zisiwashwe kupita nusu. Kwa hiyo nusu ya chini ya kila gilasi ya shangazi yangu sasa ni nta ya kudumu.

Nilijua hilo litatufikisha wapi, na lilitufikisha. Siku ya kipaimara, Julai, kanisani ilikwenda salama, nyumbani watu wakajaa. Shangazi wa Kilolo akaketi, akasalimiana kamwene na kila Mhehe, ugonile na kila Mnyakyusa, akaletewa soda na kikombe cha plastiki. Akakitazama kile kikombe.

"Gilasi zangu?"

Mama Mradi, bila kupepesa, akaweka mbele yake moja yenye mshumaa unaowaka, safi, mstari wa dhahabu unametameta. "Shangazi, tumezipa hadhi."

Shangazi akaitazama. Akaanza kuhesabu zilizokuwa mezani. Nilitoka nje kuangalia nyama.

Lakini kiza kilipoingia, nakuambia ukweli, palipendeza. Mishumaa kila meza, hakuna moshi, harufu ya pafyumu yangu kwa mbali, watu wakiuliza bei. Mjumbe wa nyumba kumi aliweka oda ya mitano. Mama Mradi alipita na daftari akiandika majina, akanitupia jicho moja tu, nami nikalipokea kama mtu aliyesoma hukumu yake siku nyingi. Holda yangu "iliyoungua" ilikuwa imesahaulika. Nilikaa, nikapumua, nikamega ndizi.

Hapo ndipo Fundi Nusu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alipomaliza kazi. Nilimwona akipanda juu ya kiti katikati ya sebule, nikadhani anataka kutoa hotuba. Alikuwa na globu mpya. "Shem amehangaika na giza siku zote hizi na mimi nipo," aliwaambia watu. Akaizungusha. Akateremka, akaenda kwenye swichi, na swichi, ambayo hakuifunga yeye, ikafanya kazi.

Watu 30 na zaidi wakaangalia juu kwa pamoja, kama vile kwenye ibada. Ziwa Nyasa lilikuwa pale, ukubwa wa godoro la mtoto, limekolea kuliko nilivyokumbuka.

"Jamani," alisema mtu wa nyuma, "hilo ni bomba limevuja?"

"Hapana," akasema Kiberiti kwa sauti ya kuhubiri, "ni baba."

Mama Mradi akanigeukia. Sijui kama umeshawahi kutazamwa na mke mbele ya ukoo wake wote akiwa na daftari la mauzo mkononi. Kabla hajafungua mdomo, Spika akakohoa kule kwenye kochi, na wote tukakumbuka kanuni za kikao.

"Nililiona siku ile niliyofika," alisema. "Nilikuwa nangoja mkwe aniambie mwenyewe."

Jumanne nilimwita fundi rangi wa Mlandege. Alilitazama ziwa, akaniuliza kama nililisugua na maji. Nikakiri. Alisikitika kama daktari. Masizi, alinieleza, yanaondolewa makavu, kwa ufagio laini au brashi, taratibu, bila kusukuma. Ukileta maji unayashindilia ndani ya rangi. Na hata yakitoka, usipake rangi ya maji juu yake, yatachungulia tena baada ya siku chache. Kwanza tabaka la rangi ya mafuta, likauke, ndipo nyeupe yako. Bei aliyoitaja ilikuwa zaidi ya mauzo ya mishumaa yote. Nikamshukuru, nikaazima ngazi.

Kwa hiyo Jumatano nikawa juu tena, shingo upande, ufagio mkononi, masizi yakininyeshea machoni. Spika ndiye aliyenishikia ngazi, kwa hiari yake, sikuthubutu kukataa. Necta alikaa kwenye mkono wa kochi akinisahihisha. Nilianza na Malawi, nikapanda, nikafuta Msumbiji yote, nikafuta Ludewa, mkono ukafa ganzi.

"C," alisema Necta. "Umebakiza Kyela."

Nikainua ufagio.

"Kyela usiiguse," akasema Spika kutoka chini ya ngazi.